Maswali ya Wasomaji: Kati ya Chumba cha Amonia na Kinu cha Nyambizi

Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa tatu. Navutiwa na mitambo mikubwa ya ubaridi, na pia vinu vya nyuklia vinavyoendesha nyambizi. Wenzangu wananicheka, wanasema ni vitu viwili visivyokutana. Nijiandae vipi?

Wanaokucheka hawajakaa vya kutosha na jedwali la mvuke, lile linaloonyesha kila presha kimiminika huchemka kwenye joto gani. Amonia ya kwenye maghala ya baridi huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri ikiwa kwenye presha ya kawaida ya hewa. Ishushe hadi 0.72 bar (bar moja ni karibu sawa na presha ya kawaida ya hewa), nayo itachemka kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa nenda kwenye kinu cha maji ya presha, aina inayotumika kwenye karibu nyambizi zote za nyuklia za leo. Humo maji hubanwa makusudi yasichemke. Presha za vinu vya kijeshi ni siri, lakini katika vituo vya umeme vya kiraia hufika 155 bar hivi, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 345. Huku tunakitaka kimiminika kichemke, kule tunakizuia. Mwenye kujua kila presha inadai joto gani anasoma geji za pande zote mbili bila mkalimani.

Panapotofautiana ni wakati wa kuzima. Kinu ukikizima hakipoi papo hapo, kwa sababu mabaki ya mpasuko wa atomi huendelea kutoa joto. Mwanzoni ni takriban asilimia 7 ya nguvu kamili, baada ya saa moja asilimia 1.5, baada ya siku nzima karibu nusu asilimia. Kinu kilichokuwa kikitoa megawati 100 za joto, saa moja baada ya kuzimwa bado kina megawati moja na nusu zinazotafuta pa kwenda. Sehemu kubwa ya uhandisi wa vinu ni kuhakikisha joto hilo lina njia ya kutokea hata umeme ukikatika.

Kwa hiyo shika thamodinamikia, mwendo wa vimiminika, sayansi ya metali na mifumo ya udhibiti. Kemia ya maji usiikimbie, maana wanafunzi wa mitambo huichukulia kama somo la watu wengine. Kloridi kidogo na oksijeni katika maji ya moto hupasua chuma cha pua taratibu, kwa nyufa ambazo jicho halizioni. Na kwa taarifa yako, amonia hiyohiyo ya ghala la baridi hutiwa kwa kipimo kidogo katika maji ya mvuke ya baadhi ya vituo vya nyuklia ili kupandisha pH, yaani kupunguza uasidi wa maji, na kulinda mabomba.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi vya majumbani, miaka minane kazini. Nimepata nafasi kwenye mtambo wa amonia. Nini kitanishangaza?

Kwanza mabomba. Shaba uliyoizoea haitumiki, kwani amonia yenye unyevu huila shaba na shaba nyeupe. Kila kitu ni chuma, na viungio vinachomelewa.

Pili ni oili, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapoumia. Kwenye viyoyozi, oili huzunguka na gesi na kurudi kwenye kompresa yenyewe. Amonia haichanganyiki na oili za kawaida za madini. Tena oili ni nzito kuliko amonia ya kimiminika, basi inazama na kutuama chini ya matangi ya upande wa baridi. Ikiachwa huko inatandaza utando ndani ya ivapureta, pale amonia inapochemka na kufyonza joto, na kuzuia joto kupita. Ni lazima mtu aitoe.

Utaratibu ni huu. Oili hukusanywa kwenye tungi dogo chini ya tangi. Funga vali inayoleta kimiminika kwenye tungi, acha wazi bomba la kupumulia linalorudi upande wa kufyonza (unaoelekea kwenye kompresa), kisha subiri. Tungi litakuwa limevaa barafu, nayo barafu hiyo ni ushahidi kwamba ndani bado kuna amonia inayochemka. Ikiyeyuka yote na tungi likashikika bila kuuma mkono uliovaa glavu, amonia imekwisha kuondoka. Funga bomba la kupumulia, acha presha ipande kidogo kupita ya hewa ya nje, ndipo utoe oili kupitia vali ya springi inayojifunga yenyewe ukiiachia. Nyuma ya vali hiyo lazima pawe na vali nyingine ya mkono. Muwe wawili, mmevaa miwani ya kuziba, glavu na barakoa yenye kichujio cha amonia, na asiondoke mtu mpaka kazi iishe.

Mambo huharibika hivi: oili ya baridi ni nzito kama grisi, haitoki. Fundi anafungua vali zaidi, bado kimya. Anaifungua yote. Mara donge linachomoka na nyuma yake inakuja amonia ya kimiminika, na mtu aliyeifunga springi kwa waya ili apumzishe mkono hana tena cha kuiachia. Ukikuta vali ya springi imefungwa kwa waya, usiguse kingine chochote kabla ya kuukata. Na kama tangi linaendeshwa chini ya presha ya hewa, ukifungua bila kusubiri presha ipande, oili haitoki kabisa. Hewa ndiyo inayoingia.

Hiyo hewa ndiyo mshangao wa tatu. Haigandamiziki kuwa kimiminika, inakwenda kujikusanya kwenye kondensa, pale gesi ya amonia inapogeuka kimiminika tena, na kukupandishia presha na bili ya umeme. Kuigundua ni rahisi. Pima joto la amonia ya kimiminika inapotoka kwenye kondensa. Tuseme ni nyuzi 30. Jedwali linasema presha iwe 11.7 bar ukihesabu na presha ya hewa ya nje, yaani karibu 10.7 kwenye geji, ambayo haiihesabu hewa hiyo. Geji ikisoma 12.2, bar moja na nusu ya ziada ina mwenyewe, na mara nyingi ni hewa. Hakikisha tu geji ni nzima na kondensa haijajaa kimiminika. Hewa hiyo hutolewa kwa kifaa maalumu kinachopitisha mabaki kwenye maji, si kwa kulegeza flenji ovyo.

La nne, kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye ivapureta kwa gesi ya moto. Kabla ya kuingiza gesi, funga kimiminika na acha feni zizunguke mpaka ivapureta ikauke. Gesi iingie kwanza kupitia vali ndogo, kisha kubwa. Ukimaliza, punguza presha polepole kabla ya kufungua upande wa kufyonza. Ukiruka hatua, gesi inasukuma donge la kimiminika kama nyundo ndani ya bomba. Huko Theodore, Alabama, tarehe 23 Agosti 2010, mtambo uliwashwa upya baada ya umeme kukatika, mfumo wa udhibiti ukarudishwa mwanzo wakati ivapureta moja ikiwa katikati ya kuyeyushwa, ikafunguliwa upande wa kufyonza ikiwa bado na presha. Bomba la paani lilipasuka, zikamwagika zaidi ya kilo 14,000 za amonia.

Kuhusu harufu: pua inaijua amonia mapema sana, kabla haijafika sehemu 300 kwa milioni, kiwango kinachohesabika kuwa hatari ya haraka kwa uhai. Hilo ni jambo jema, mradi ukinusa utoke. Na amonia ya kimiminika ikimwagika sakafuni usiimwagie maji; maji yanaipa joto, inachemka kwa kasi zaidi.

Je, mtu asiye raia wa Marekani anaweza kuajiriwa kwenye vinu vya nyambizi zao?

Hapana. Kazi hizo zinadai uraia na uchunguzi wa usalama, na nchi nyingine zenye nyambizi za nyuklia, yaani Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India, nazo hazifungui mlango huo kwa wageni. Isipokuwa pale serikali zinapokubaliana zenyewe, kama Marekani na Uingereza zilivyokubaliana na Australia.

Kwa aliye raia, njia ni ndefu lakini iko wazi. Askari wa kawaida husaini miaka sita, huanza na mafunzo ya fani yake (mitambo, umeme au elektroniki), kisha miezi sita hivi ya Shule ya Nguvu za Nyuklia karibu na Charleston, South Carolina, kisha miezi mingine sita kwenye kinu halisi cha mafunzo, ama hapohapo Charleston ama Ballston Spa, New York. Anayeomba uofisa awe amesoma kalkulasi mwaka mmoja na fizikia yenye kalkulasi mwaka mmoja, halafu anakwenda Washington kuhojiwa, mwisho akikaa mbele ya admirali mwenyewe anayeongoza mpango wa vinu vya jeshi la majini. Desturi hiyo ilianzishwa na Admirali Hyman Rickover, aliyesimamia ujenzi wa USS Nautilus, nyambizi iliyoondoka gatini kwa nguvu za nyuklia mara ya kwanza tarehe 17 Januari 1955.

Usiye raia, usikae ukiutazama mlango uliofungwa. Vituo vya umeme vya kiraia vinahitaji watu wa pampu, vali, kemia ya maji na upimaji wa viungio kwa mawimbi ya sauti. Ubaridi wa viwandani uko wazi zaidi. Huko Marekani, kwa mfano, fundi huanza na CARO, cheti cha mwendeshaji msaidizi cha RETA, chama cha mafundi na wahandisi wa ubaridi, akikomaa anatafuta CIRO, cheti cha mwendeshaji kamili wa mitambo ya viwandani.

Nyambizi zina friji za amonia?

Hapana. Ndani ya chombo kilichofungwa, uvujaji mdogo tu ungewaumiza wote. Hutumia vipozeo visivyo na sumu ya namna hiyo, kama R-134a, na ubaridi mwingi haulindi chakula tu bali vifaa vya elektroniki.

Nimesikia nyambizi ya nyuklia iliwahi kuzama kwa sababu ya barafu. Ni kweli au hadithi?

Barafu ilikuwa na sehemu yake. USS Thresher, nyambizi ya nyuklia ya Marekani, ilipotea tarehe 10 Aprili 1963 mashariki ya Cape Cod, na watu 129. Maelezo yaliyokubaliwa na uchunguzi ni kwamba huenda kiungio cha bomba la maji ya bahari kilichounganishwa kwa lehemu ya fedha kilifumuka, maji yakarukia vifaa vya umeme, kinu kikajizima. Wakajaribu kusukuma maji nje ya matangi kwa hewa ya presha kubwa. Hewa ikishuka presha ghafla hupoa. Unyevu uliokuwamo ukaganda kwenye vichujio na kuziba njia. Majaribio kwenye nyambizi ya aina hiyo, Tinosa, yalionyesha barafu ikijitokeza vilevile. Fundi wa friji aliyewahi kuona vali ya upanuzi ikiziba kwa tone la maji hahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu lehemu: kabla ya safari hiyo, viungio 145 vya Thresher vilikuwa vimepimwa kwa mawimbi ya sauti, takriban asilimia 14 vikaonekana chini ya kiwango. Vingine vingi havikupimwa kabisa. Baada ya ajali vikaushi vya hewa viliboreshwa, vali za kupandisha chombo kwa dharura zikabuniwa upya, na utaratibu wa kinu kilichojizima ukabadilishwa ili mvuke uliobaki uendelee kuzungusha tabaini badala ya kufungiwa.