Kichaka cha maua ya manjano juu ya Mandara

Ndugu, kichaka ulichokiona Kilimanjaro ukitoka kambi ya Mandara (mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari) kwenda kambi ya Horombo, pale msitu unapoishia, kwa maelezo yako ni Hypericum revolutum. Ua lake lina petali tano za manjano iliyokolea, hukaa moja moja kwenye ncha ya tawi, na katikati kuna nyuzi nyingi nyembamba kama brashi. Ukipita tena usikate tawi, tafadhali, ile ni hifadhi ya taifa. Lishike jani likiwa palepale mtini, litazame dhidi ya jua: utaona vidoa vinavyopitisha mwanga. Kisha lisugue kidogo, unuse vidole. Bizari tupu! Mimi huo mmea naupenda mno. Ila kama ua lilikuwa jeupe, kubwa kama ngumi, hiyo ni protea, kichaka kingine kabisa.