Maswali Yenu: Alipouma Mdudu

Nyuki alinichoma kiganjani. Nilishaonywa kuwa mwiba haubanwi kwa vidole, hukwanguliwa kwa kisu, nikaenda kutafuta kisu. Siku ya pili mkono umevimba hadi karibu na kiwiko. Je, nianze antibiotiki?

Kosa si kisu, ni ile safari ya kukitafuta. Mwiba wa nyuki hubaki na kifuko cha sumu, na misuli yake huendelea kuisukuma sumu ndani hata nyuki akishakwenda zake. Nusu dakika ikipita, sehemu kubwa imeshaingia. Kwa hiyo uondoe papo hapo, kwa ukucha, kwa vidole, kwa chochote kilicho karibu. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, usimchimbue mtu ngozi kuutafuta.

Kisha vua pete na saa kabla uvimbe haujazibana. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 (barafu tupu huunguza ngozi), na uinue mkono.

Uvimbe kuzidi siku ya pili mara nyingi ni mwili kuipinga sumu, si vijidudu. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 48, na antibiotiki haiugusi. Chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa wekundu, uandike na saa. Ukiuona umevuka mstari baada ya siku ya pili, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kuna usaha, homa, au mchirizi mwekundu unaopanda mkononi, hapo nenda ukaonwe.

Mwanangu wa miaka minne hujikuna palipoumwa na mbu mpaka panatoka vidonda. Bibi yake humpaka dawa ya meno, jirani anasema mafuta ya taa.

Mafuta ya taa hapana kabisa, yanababua ngozi. Dawa ya meno hupoza kidogo kwa sababu ya minti, kisha hukauka na kuwasha upya. Kwenye kidonda ndiyo mbaya zaidi.

Kinachowasha ni mwili kuyakataa mate ya mbu, na kila mkwaruzo wa ukucha huuchochea mwasho uanze tena. Basi anza na kucha: zikate fupi. Mwasho ukimjia, mbandike kitambaa kilicholowa maji baridi. Losheni ya kalamaini itikise kwanza, maana unga wake hutuama chini, kisha paka kwa pamba pasipo na kidonda tu. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hushusha uvimbe, lakini kwa mtoto wa umri huu ulizia kwanza kwa mfamasia. Hupakwa nyembamba, kwa siku zisizozidi 7, na haifai usoni wala penye kidonda.

Akikosa usingizi, dawa ya maji ya setirizini, ya kutuliza aleji, husaidia. Kwa miaka 2 hadi 5 dozi ya kawaida ni miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni. Soma chupa: ikiwa na miligramu 5 katika mililita 5, hiyo ni mililita 2.5 kila mara. Pima kwa bomba la dawa, vijiko vya chai havilingani. Vidonda vikianza kufanya magaga ya rangi ya asali na kusambaa, mpeleke kituo cha afya.

Kupe aliyeng'ang'ania, nimpake mafuta aachie?

Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota, kisha osha. Ukipata homa au upele katika wiki zinazofuata, mwambie daktari habari ya kupe.

Ni wakati gani hali huwa ya kukimbizwa hospitali?

Mtu akipumua kwa shida, akivimba midomo au ulimi, akitokwa na vipele mwili mzima huku akitapika au kuishiwa nguvu, au akichomwa ndani ya kinywa. Usingoje vidonge vya aleji vifanye kazi, havizuii hali hiyo. Kama ana sindano yake ya adrenalini, mchome kwanza upande wa nje wa paja, ndipo uite msaada. Mlaze, umwinulie miguu, ila anayehangaika kupumua mwache akae. Hata akisema amepata nafuu, asisimame wala kutembea kwenda kwenye gari.