Folic haisubiri kadi ya kliniki

Mdogo wangu wa Bagamoyo, futa hiyo sentensi yako ya katikati. Umeuliza kabla ya kushika mimba ule nini, upime nini, kahawa uache au usiache, sindano ya uzazi wa mpango itakutoka lini mwilini, halafu ukapachika: "Folic nitaanza nikishapata kadi ya kliniki." Folic, vile vidonge vya vitamini vya kusaidia mgongo wa mtoto ufunge tumboni! Nimeweka kikombe chini. Hayo mengine yatangoja.

Maneno hayo hayo niliyaamini mimi mwaka 2016. Nilisimama kaunta ya duka la dawa hapa Tanga, Ngamiani, nikaulizia folic. Kijana wa kaunta, koti jeupe limenyooshwa pasi utadhani profesa, akanitazama tumbo, akacheka: "Dada, hiyo ya wajawazito. Kapate mimba kwanza." Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikanunua dawa ya mafua ambayo sikuwa na haja nayo, nikatoka. Kisha nikaenda kwa mama mmoja wa mitishamba, akaniuzia chupa mbili za kusafisha kizazi. Kilichosafishika ni pochi.

Mimba ikaingia. Kwetu mimba haitangazwi mapema, watu wana macho. Kliniki nikaenda mwezi wa nne, nimejitanda khanga hadi puani. Nikapewa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu vyenye folic ndani, nikameza kila siku bila kuruka hata kimoja. Mwanafunzi bora! Kumbe nachimba msingi na nyumba imeshaezekwa.

Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Piga hesabu mwenyewe: siku zako zikichelewa wiki moja tu, mtoto ana kama wiki tatu tumboni. Imebaki wiki. Na hiyo wiki ndiyo unayoimaliza ukijiambia labda ni uchovu, labda malaria.

Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi. Kifuko chekundu chini kabisa ya kiuno, ukubwa wa ndimu, ngozi yake nyembamba kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Mkunga akakifunika kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, hakusema neno, akaenda kuita mtu. Tukapelekwa Dar akafanyiwa upasuaji. Baadaye kichwa kikaanza kujaa maji, akawekewa mpira wa kuyashusha tumboni. Sasa anasoma, anatembelea magongo, na kwa kutania watu amemshinda bibi yake. Ila mkojo hautoki wenyewe, kila baada ya saa nne namtoa kwa mpira, shuleni, harusini, ndani ya basi. Mkoba wangu ukiufungua unaweza kudhani nami nimefungua duka la dawa.

Mawifi walisema nilimcheka kilema nikiwa na mimba. Sikumcheka mtu. Aliyecheka alikuwa nyuma ya kaunta.

Na nyie mtakaokuja kunisahihisha, tulieni. Daktari alishaniambia hakuna anayeweza kuniapia kwamba vidonge vingemkinga. Vinapunguza sana hatari, haviimalizi. Najua. Ningependa tu niwe nimevimeza.

Kwa hiyo: mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, ikiwa miezi mitatu bora zaidi, uendelee hadi wiki ya 12. Soma pakiti, maana vingi vya madukani ni vya miligramu 5, na hiyo ni zaidi ya mara kumi. Dozi hiyo ni ya mtu kama mimi aliyekwisha kuzaa mtoto wa hivi, au mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, na anaandikiwa na daktari. Mwenye kifafa asiache dawa zake kienyeji, aende akaongee na daktari wake kabla ya mimba.

Usiniambie unakula mchicha. Kula, na kunde za nazi kula, lakini ukichemsha mboga hadi ikawa nyeusi kisha ukamwaga maji, folic nyingi imekwenda na maji. Chakula peke yake hakitoshi.

Sindano: uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi hata karibu mwaka, au ikakushtukiza. Ndiyo maana nasema anza sasa. Kupima, pima damu, sukari, presha, VVU na kaswende, wewe na mumeo. Kahawa watakujibu wengine.

Wa pili nilimpata baada ya miezi mitatu ya vidonge. Nilivibandika pembeni ya mswaki. Mume akawa anauliza, "Leo umepiga mswaki au umekula?" Nilikuwa nameza mbele yake, namtolea ulimi.

Kanunue leo jioni. Kijana akikutazama tumbo akacheka, mwambie kuna mama Tanga anamsalimia.