Apache imegoma kuwaka baada ya kuweka PHP kwenye Windows

Pole mkuu. Kama nimekuelewa, Apache (seva ya kurushia tovuti) ilikuwa inapiga kazi vizuri, ukifungua localhost (anwani ya kompyuta yako mwenyewe) kwenye kivinjari unaona "It works!", ukaweka PHP 8 (lugha ya kuandikia tovuti), ukagusa httpd.conf (faili la mipangilio ya Apache), na sasa kila ukibonyeza Start unaambiwa "The requested operation has failed!" Basi usifute kitu. Mimi nilifuta Apache na kuiweka upya mara tatu usiku mmoja, nikalala saa tisa, kumbe Apache ya watu haikuwa na kosa lolote.

Kile kisanduku cha kosa hakikuambii chochote. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, ingia C:\Apache24\bin, andika httpd -t. Hapo ndipo itakapofungua mdomo na kukutajia faili na namba ya mstari uliokwama. Ukitaka kuhakikisha kwamba mchawi ni PHP, ingia httpd.conf uweke # mwanzoni mwa mstari wa LoadModule wa PHP na ule wa PHPIniDir (yote miwili, maana ukiacha PHPIniDir peke yake Apache itagoma kwa kutoijua amri hiyo), halafu washa. Ikiwaka, umemkamata. PHP ikiwekwa kama moduli inapakiwa ndani ya Apache yenyewe, kwa hiyo ikishindwa kupanda inazama na seva nzima.

Kwangu ilikuwa mfumo wa mauzo wa duka la shemeji. httpd -t ikaniambia: "Cannot load C:/php/php8apache2_4.dll into server: The specified module could not be found." Kuangalia kwenye folda, kweli hiyo dll (faili la programu ambalo programu nyingine hulipakia) haimo. Nilikuwa nimepakua zipu iliyoandikwa Non Thread Safe. Apache ya Windows inahudumia watu wengi kwa wakati mmoja ndani ya mchakato mmoja, kwa hiyo inataka PHP ya Thread Safe. Ile nyingine hata faili la kuungana na Apache haina.

Nikapakua ya Thread Safe. Na hapa uvivu ukaniponza: nikachomoa hiyo dll moja tu, nikaibandika kwenye folda ya zamani. Naiona kwa macho yangu, ipo, lakini Apache inarudia maneno yaleyale kwamba haipatikani! Ilinichukua saa nzima kuelewa kuwa Windows ikisema hivyo, pengine faili ulilolitaja limeonekana, ila kilichokosekana ni faili jingine ambalo lenyewe linalitegemea. Ile dll inamtafuta php8ts.dll, na folda yangu ilikuwa na php8.dll tu. Nikasafisha C:\php yote, nikafungua zipu nzima humo, Apache ikawaka papo hapo. Kama ya kwako ni Thread Safe na folda imekamilika, lakini bado unaona ujumbe huo, weka Visual C++ Redistributable ya Microsoft, ile ya karibuni.

Ukiona "%1 is not a valid Win32 application", umechanganya x86 (biti 32) na x64 (biti 64). Apache na PHP lazima zifanane. Na ukiona Apache inalalamikia php7_module, ujue umenakili mwongozo wa kale. Tangu PHP 8 itoke mwaka 2020, jina ni php_module tu, bila namba. Yangu iko hivi:

LoadModule php_module "C:/php/php8apache2_4.dll"
PHPIniDir "C:/php"
AddHandler application/x-httpd-php .php

Mkwaju uelekee mbele, /, hata kama uko Windows. Huo mstari wa tatu ukiusahau Apache itawaka bila shida, ila ukifungua ukurasa utaona msimbo wako wa PHP umemwagwa kama ulivyo.

Ikitokea httpd -t inakujibu "Syntax OK" na bado haiwaki, andika httpd peke yake usome. Ikitaja kushindwa kushika 0.0.0.0:80, iache PHP, kuna programu imekalia mlango huo (port 80), mara nyingi IIS, seva ya wavuti ya Windows yenyewe. Amri netstat -ano itakuonyesha namba (PID) ya aliyeukalia.

Ukikwama, bandika hapa maneno yote ya httpd -t pamoja na jina kamili la zipu uliyopakua. Picha ya kile kisanduku haitusaidii.