Dawa ya Oili kwa Injini Isiyoumwa

SWALI: Mshauri wa safu hii, salaam. Mimi ni dereva wa bodaboda na kijiwe changu kipo Igoma, Mwanza. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ninayo mwaka wa tatu sasa, na namwaga oili kila inapotimiza kilomita 2,000 bila kukosa. Haili oili, haitoi moshi, na mlima wa Bugando inaupanda na abiria bila shida. Hivi karibuni muuzaji wa duka moja la spea alinishauri niwe natia chupa ya dawa ya injini kila ninapobadili oili. Aliniwashia kimashine juu ya meza kinachosugua chuma kwa chuma: kwa oili tupu kile chuma kilikwama, lakini alipotia dawa hakikukwama tena. Chupa ni ya mililita 200 na bei yake inakaribia nusu ya bei ya oili yenyewe. Wenzangu wawili wa kijiweni wanaitumia na wanasema injini imekuwa laini. Je, nami niitumie?
Dereva wa Igoma

JIBU: Ndugu yangu wa Igoma, usiitumie, na ningekushauri hivyo hata kama ungepewa bure.

Oili unayonunua dukani ina dawa zake tayari. Sehemu kubwa ya kopo ni mafuta ya msingi, na sehemu iliyobaki, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20, ni viambato vilivyochanganywa kiwandani kwa vipimo: vipo vya kuosha masizi na kuzima tindikali inayotokana na uchomaji wa petroli, vipo vya kuushikilia uchafu uelee badala ya kuganda, vipo vya kuzuia povu, na upo mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojenga ngozi nyembamba juu ya chuma pale ambapo kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inaisukuma roka kwa nguvu. Viambato hivi hugombea nafasi juu ya chuma kilekile, ndiyo maana uwiano wake hupimwa kwa uangalifu na kujaribiwa ndani ya injini kabla ya kopo kupewa daraja. Mpishi aliyekwisha kuunga mchuzi wake wa sato na kuuonja hafurahii kumwona mgeni akifunua chungu na kuongeza chumvi. Injini ya pikipiki kama yako hubeba lita moja ya oili au zaidi kidogo, kwa hiyo ukitia mililita 200 juu ya lita moja, sehemu moja katika kila sita ya kilichomo inakuwa ni kitu ambacho aliyetengeneza oili hakukipima. Na ukitia bila kupunguza oili, kiasi kitapita alama ya juu, sehemu zinazozunguka ziichape oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma.

Hayo yangehusu hata gari. Kwa pikipiki kuna jambo zito zaidi, nalo ni klachi. Katika magari mengi, oili ya injini hukaa kwenye injini peke yake, gia zina oili yake, na klachi hukaa pakavu. Pikipiki yako hutumia oili ileile moja kwa pistoni, kwa gia na kwa klachi, na pleti za klachi huogelea ndani yake saa zote. Pistoni inataka utelezi, ilhali pleti za klachi zinataka kushikana ili nguvu ya injini ifike kwenye tairi la nyuma, kwa hiyo oili ya pikipiki lazima iwe na utelezi wa kadiri, usipungue wala usizidi. Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka kiwango chao cha oili za pikipiki za mipigo minne, kiitwacho JASO, mwaka 1998. Kopo lenye alama ya MA, au MA2 ambayo huishika klachi kwa nguvu zaidi, ni la pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili. Lenye MB lina utelezi mwingi na limekusudiwa zaidi skuta, ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Dawa inayojisifu kwa kupunguza msuguano, hasa yenye molibdenamu au viambato vingine vya utelezi, inaweza kuifanya oili ya MA itende kama MB, na hapo umelipia hasara kwa fedha yako mwenyewe. Vitabu vya pikipiki nyingi za Yamaha humwonya mwenye chombo asichanganye kemikali yoyote na oili, na sababu inayotajwa ni hiyohiyo ya klachi kuteleza. Vile vya Honda husema tu kwamba pikipiki haihitaji nyongeza.

Wenzako wanaoisifu unaweza kuwapima kwa mlima huohuo wa Bugando. Mmoja wao apande na abiria kwa gia kubwa kidogo, kisha afungue mafuta ghafla. Ikiwa injini inapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza, na pleti zinaungua taratibu. Ule ulaini wanaousema siupingi, ila wanatia dawa siku ileile wanayomwaga oili chakavu na kuweka mpya, na oili mpya peke yake huilainisha injini na gia kiasi ambacho kila dereva hukihisi. Angetia dawa kwenye oili iliyokwisha kutembea kilomita 1,000, sifa hiyo ingekuwa na uzito zaidi.

Sasa nije kwenye kile kimashine, maana ndicho kinachowateka wengi. Kinakandamiza chuma kidogo juu ya pete inayozunguka, na shinikizo lote linaangukia kwenye nukta moja isiyo na nafasi ya kujenga utando wa oili. Ndani ya injini iliyo nzima, ringi za pistoni huteleza juu ya utando huo kwa sehemu kubwa ya safari yake, na pale utando unapokuwa mwembamba, kama kwenye kamshafti, ile ngozi ya zinki na fosforasi imekwisha kuwekwa kazini. Zipo dawa zinazong'ara mezani kwa sababu zina misombo ya klorini, ambayo hustahimili shinikizo la namna ile, lakini ikikutana na joto na unyevu ndani ya injini inaweza kuzaa tindikali inayokula chuma. Muuzaji huenda halijui hilo, naye ameletewa kimashine pamoja na katoni za bidhaa.

Madai ya namna hii yamewahi kuhojiwa kisheria. Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara, FTC, iliwashtaki watengenezaji wa Slick 50, dawa iliyouzwa kwa madai kwamba chembe za PTFE, ile plastiki ya vikaango visivyogandisha chakula, hupaka injini kinga. Mwaka 1997 walifikia makubaliano, na wenye bidhaa wakakubali kutorudia madai ya kupunguza uchakavu bila ushahidi wa kuaminika.

Fedha ya chupa ina kazi nyingine: oili mpya kwa wakati wake na eakilina iliyo nzima. Wewe unamwaga oili kila kilomita 2,000, na dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku huzitimiza kwa siku 20. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wapo wanaopata safari za Sengerema ambazo zamani zilikatwa na foleni ya kivuko, na mtu wa namna hiyo akiendelea kuhesabu wiki badala ya kusoma mita atachelewa bila kujua. Kisha tazama hiyo eakilina, yaani chujio la hewa. Vumbi la barabara za kokoto za huko pembezoni likipita kwenye eakilina iliyochanika au iliyofungwa vibaya, linasaga silinda na ringi, na hakuna dawa ya chupani inayoweza kulizuia.

SWALI: Pikipiki yangu ni ya zamani na inatoa moshi wa bluu. Fundi wa hapa Nansio amesema kuna dawa nzito ya kuukata. Nimsikilize?
Msomaji wa Ukerewe

JIBU: Dawa hiyo huongeza uzito wa oili, na moshi unaweza kupungua kwa siku kadhaa. Lakini sehemu kubwa ya uzito huo hutokana na nyuzi ndefu za kikemikali ambazo meno ya gia huzikatakata, kisha moshi unarudi. Kwanza ujue unatoka wapi. Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukakatika, shuku sili za valvu, ambazo ni kazi ndogo na spea yake si ghali. Ukiongezeka kila unapofungua mafuta kwa nguvu, shuku ringi na silinda. Kabla ya kukubali injini ifumuliwe, mwombe fundi apime mgandamizo kwa geji, kisha atie oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda sana mara ya pili, ringi zimekwisha.