Kabla ya kupima nguvu za tishu, lijue kwanza tone lako

Nilipoteza miezi mitatu ya utafiti kwa sababu ya namba moja. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayeanza kupima kani zinazosukuma tishu zinapokua, nikitamani na mimi ningeambiwa mapema.

Kani haionekani. Hata hadubini yako iwe ya bei gani, unachoona ni umbo kubadilika. Nguvu yenyewe unaikokotoa, na huwezi kuikokotoa bila kujua ugumu wa kilichobadilika umbo. Jaribu jikoni: chukua jani bichi la kitunguu, lichane vipande vyembamba virefu, uvitie kwenye maji baridi. Vitajikunja. Seli za ndani zimejaa maji na zinasukuma, ngozi ya nje inazizuia. Kisu kimevunja mapatano yao. Vihamishie kwenye maji ya chumvi kali, vitalegea. Umeona mkazo kwa macho yako, lakini bado hujui ni kiasi gani, kwa kuwa hujapima ugumu wa ile ngozi.

Mimi nilifanya kazi na viinitete vya zebrafish, samaki mdogo mwenye mistari, ambaye kiinitete chake ni kiangavu kama kioo. Nilitumia njia ambayo watafiti Otger Campàs, Donald Ingber na wenzao waliichapisha mwaka 2014: unadunga katikati ya seli tone la mafuta linalokaribiana nazo kwa ukubwa. Seli zikilibana upande mmoja zaidi ya mwingine, tone linaacha kuwa mviringo. Ukijua mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayoukaza uso wa tone ili libaki mviringo, umbo hilo linakupa tofauti ya mkazo kati ya pande.

Kosa langu lilikuwa hapo kwenye mvutano wa uso. Niliupima ndani ya chupa yenye maji safi. Ndani ya kiinitete kuna protini, nazo hujibandika kwenye uso wa tone na kulilegeza. Tone lilelile nililoliacha usiku kucha lilionekana limebonyea zaidi asubuhi, nami nikaandika kwamba tishu imeongeza nguvu. Tishu haikuwa imefanya lolote. Nililia siku niliyogundua.

Kwa hiyo, lipake tone lako kemikali inayofukuza protini, kisha upime mvutano humo humo ndani ya tishu. Ukiweza, tumia mafuta yenye chembe za sumaku, njia iliyochapishwa mwaka 2017: unalivuta tone kwa sumaku ya nguvu unayoijua, unaona linavyorefuka, na kipimo unakipata palepale. Kwa matone ya aina hiyo ndipo ilipoonekana kwamba ncha ya mkia wa kiinitete cha zebrafish hutiririka kama majimaji, na sehemu iliyo mbele yake imekwisha kuwa ngumu. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika biolojia ya miaka hii.

Usilidai tone zaidi ya uwezo wake. Mafuta hayapungui ujazo, hivyo tishu ikilibana sawasawa pande zote halisemi kitu. Kwa shinikizo la namna hiyo tafuta vishanga vya jeli vinavyobonyea.

Wanaopima mvutano kwa kukata tishu kwa leza nao wawe waangalifu. Kasi ya kingo kuachana baada ya mkato hutegemea mvutano pamoja na msuguano. Sema "hapa pamevutwa kuliko pale", tena ikiwa tu una hakika msuguano ni uleule. Usiandike kiasi cha kani kwa nyutoni.

Na joto lisimamie kwenye nyuzi 28.5. Kiinitete kilichopoa hukua polepole, utalinganisha umri usiolingana.

Siku hizi kila jaribio langu linaanza kwa mstari mmoja daftarini: mvutano wa uso, tarehe, na mahali ulipopimwa. Pakiandikwa "chupa", sidungi kiinitete hata kimoja.