Jibu: "nice" isiyomaanisha nzuri

Jambo, mwalimu wa Kadutu. Umeniuliza jinsi ya kutafsiri neno la Kiingereza "nice": umekwama kwenye "a nice distinction" kwa sababu "tofauti nzuri" haileti maana. Angalia kwanza nomino inayofuata: ikiwa tofauti, hoja au swali, mimi huandika "ndogo sana, ya kutazamwa kwa makini". Kisha uliza maandishi ni ya lini, kwa kuwa maana ya "nice" imebadilika. Neno hili lilitoka Kilatini, nescius, yaani asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale. Karibu na mwaka 1300 Mwingereza aliyeitwa "nice" alikuwa ameitwa mjinga! Maana ya kupendeza ilizoeleka karne ya 18. Wanafunzi wa hapa Bukavu, kwa Kifaransa chao, watakuuliza kuhusu mji wa Nice, Ufaransa. Hauhusiani kabisa: jina lake ni la Kigiriki, Nikaia.